Nyoka wa Kwenye Bango

Mzee wa geti alimwona anavuka barabara mbio, mtandio umemteleza shingoni, akafanya kile alichozoea kufanya kila akimwona: akasukuma komeo mpaka mwisho.

"Leo tumefunga, Bango," akasema kabla ya salamu. "Jumatatu hatupokei watu. Kama umekuja kutuhubiria, hata wa kuhubiriwa hayumo."

"Sikuja kuhubiri. Fungua."

"Na kipaza sauti umekificha wapi leo?"

"Mzee wangu, fungua. Mtoto wa kaka yangu kaumwa na nyoka. Namtaka yule bwana wa nyoka."

Mzee akacheka kwa pua. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa ameshachezewa. Mara ya mwisho Bango alipomwomba afungue geti la makumbusho, alikuja na msafara wa harusi, eti wanataka kupiga picha bustanini. Bibi harusi alivaa shela la kuburuza. Walipofika katikati ya bustani, mbele ya wakubwa waliokuja kuzindua taa mpya, bibi harusi akageuka, na mgongoni shela likasomeka: BONDE LETU, UZIO WENU. Mzee wa geti alinyimwa likizo yake kwa ajili ya harusi ile.

"Safari ile bibi harusi, safari hii mgonjwa," akasema. "Mwezi ujao utaniletea jeneza."

Neno hilo lilimpiga Bango kifuani. Alitaka kujibu, na majibu alikuwa nayo mengi, maana majibu ndiyo yaliyokuwa kazi yake. Lakini safari hii aliyaacha yote, akainua upindo wa gauni.

"Niangalie miguu," akasema.

Mzee akaangalia. Miguu ilikuwa peku, mmoja umejaa matope, mwingine kidole kinavuja damu. Huyu ndiye Bango ambaye hajawahi kutoka kwenda kugombana bila kujipanga, ambaye watu wake hukaguliwa kabla ya kuandamana kama askari wa gwaride. Alikuwa ametoka hospitali mpaka pale bila viatu, na wala hakuwa na habari.

Komeo likarudi lilikotoka.

"Mlango wa nyuma, ngazi za chini," mzee akasema, na sauti ilikuwa nyingine. "Yumo chumba cha chupa. Kimbia, mwanangu."

Jengo lile la mawe Bango alilijua kwa nje kuliko wanaolipwa kulilinda. Watu wa bondeni ndio walioponda kokoto za msingi wake. Na watu hao hao ndio waliong'olewa bondeni, penye kijito na bustani zao za mboga, ili pawe eneo la utafiti wa viumbe. Vyura walipata hifadhi, watu wakapata notisi. Maneno hayo aliyaandika mwenyewe kwa rangi nyekundu kwenye shuka kuukuu, akiwa msichana, na ndiyo yaliyompa jina.

Ndani alikuwa ameingia mara moja tu, na shule. Walipangwa mstari mbele ya pundamilia aliyejazwa. Wenzake walikuwa wanasukumana. Yeye alikuwa anataka kujua jambo moja, kama manyoya yale ni ya kweli au ni ya brashi. Akanyoosha mkono. Rula ya mwongozaji ikashuka juu ya vidole vyake. "Usiguse! Hujui kusoma wewe?" Alikuwa anajua kusoma. Hilo ndilo lililomuuma, kuliko rula. Darasa zima likacheka, na tangu siku ile kila alichojifunza duniani alijifunzia nje ya majengo ya namna ile: kwenye magazeti ya kufungia bidhaa, kwenye vitabu vilivyopoteza majalada, kwenye sheria za ardhi alizozisoma kwa kidole, mstari baada ya mstari, mpaka mawakili wakaanza kumkwepa barabarani.

Sasa alikuwa anashuka ngazi zao peku, anaenda kuomba.

Mambo yalikuwa yameanza asubuhi, na kamba. Bango lake jipya lilikuwa limefungwa kwenye uzio wa makumbusho, upande wa nyumba zao, pale mimea ya kutambaa ilipofunika waya wote. Kamba moja ya juu ililegea. Akamwita Chiriku, binti wa kaka yake, mtoto aliyepewa jina la ndege yule kwa sababu mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko.

"Chiriku, wewe una vidole vyembamba. Hebu panda kopo hilo, uikaze ile kamba."

"Shangazi, hili kopo linayumba. Shangazi, nikianguka utamwambia mama nini? Shangazi, hii kamba mbona ya kijani?"

Haikuwa kamba. Nyoka hakuuma akaachia. Aliking'ang'ania kidole cha mtoto, anatafuna. Bango hakufikiri. Alimkamata nyoka mkiani kwa kiganja kitupu, akavuta kwa nguvu zote, nyoka akabanduka, akachomoka mkononi mwake na kuanguka chini. Majirani wakafika na fimbo. Kichwa kikapondwa mpaka kikawa uji. Ndipo Bango akapiga kelele, "Mchomeni!", kwa sababu bondeni nyoka akishauawa huchomwa hapo hapo, mwenzake asije kufuata harufu. Yeye, aliyewacheka watu miaka yote kwa kuamini mambo kama hayo, ndiye aliyelitoa neno. Mafuta ya taa yakamwagwa. Kilichobaki kikatupwa chooni, mtu asije kukanyaga mfupa.

Hospitalini Chiriku aliketi kitandani akiwa mzima, kidole kimefungwa, anasema. "Shangazi, nesi yule anatembea kama bata. Baba, nitakosa mtihani? Naomba nikose." Daktari wa zamu, dada mmoja kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, alichukua damu kidogo kwenye kichupa cha kioo, akakiacha kimesimama mezani, baadaye akakiinamisha. Damu ilikuwa imeganda.

"Kwa sasa sawa," akasema. "Nyoka yuko wapi?"

Wakatazamana.

"Tulimchoma," akasema kaka yake Bango, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma na alikuwa bado na miwani ya kazi kichwani.

"Picha je?"

Kaka akatikisa kichwa. Daktari akawatoa nje mlangoni, akashusha sauti. Nyoka wa kijani sehemu hii ni watatu, akasema. Mmoja hana neno, anaogopa watu kuliko watu wanavyomwogopa. Wa pili, sumu yake ina haraka. Angekuwa yeye, mtoto asingekuwa anamcheka nesi. "Wa tatu ndiye anayenitisha. Huyo sumu yake haina haraka. Mtoto anacheza, anakula, anasema. Halafu damu inasahau kuganda. Inaanzia fizi, inaenda tumboni, inapanda kichwani. Dawa niliyonayo kwenye friji haimsaidii aliyeumwa na huyo. Ya kwake iko hospitali kuu, kule mbali. Ndege inaondoka huko alasiri. Ikitupita ya leo, nyingine keshokutwa."

"Basi waambie ni huyo wa tatu, wailete!" akasema kaka.

"Na kama siye? Wanazo chache, hawazitoi kwa kubahatisha. Kuna mtu mwingine mahali fulani anaiomba hiyo hiyo. Halafu dawa yenyewe nayo inaweza kumletea mtoto matatizo. Nipatieni jina la nyoka kabla ya alasiri, nami nitapiga simu."

Wifi yake Bango, mama wa mtoto, hakuwa amesema kitu tangu asubuhi. Sasa aligeuka.

"Wifi yangu ndiye aliyemtuma mtoto kwenye uzio," akasema polepole, kama anayemsomea mtu mashtaka. "Wifi yangu ndiye aliyemshika nyoka. Wifi yangu ndiye aliyesema achomwe. Kila siku anatuambia yeye hakosi neno. Basi na aende akalitafute."

*

Mtaalamu wa nyoka alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye koti jeupe lililogeuka rangi ya chai. Kidole chake kimoja cha mkono wa kushoto kilikuwa kimeishia katikati, kazi ya nyoka wa zamani. Mtaani watoto walimwita Tisa na Nusu. Jina hilo lilitoka kwa Bango, kwenye kipaza sauti, na wote wawili walilijua hilo walipokutana mlangoni.

Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza, "Alikuwa wa kijani gani?"

"Kijani gani vipi? Kijani ni kijani."

"Mama, kijani si kijani. Njoo."

Wakapanda juu, kwenye ukumbi uliozimwa taa. Bango akampita pundamilia wake bila kumtazama, ila alijua yupo. Tisa na Nusu akawasha taa moja. Nyuma ya kioo kulikuwa na matawi ya bandia, na juu ya matawi nyoka watatu wa kuchongwa, wamepakwa rangi.

"Tazama vizuri. Usifanye haraka."

Lakini Bango hakuhitaji kutazama sana. Mmoja wao alikuwa na kijani kile kile, kijani cha jani changa lililotoka kuoshwa na mvua. "Huyu! Huyu hapa. Nakuapia."

Tisa na Nusu akashusha pumzi, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea. "Huyo hana neno. Huyo hata kuku anamshinda."

Bango alijishika kwenye fremu ya kioo. Alichomoa simu, akampigia kaka yake, akasema kwa kelele iliyojaza ukumbi mzima, "Hana sumu! Mwambie daktari, hana sumu!" Upande wa pili akasikia kaka anapiga ukelele, wifi analia, na kwa nyuma sauti ya Chiriku: "Kwa hiyo mtihani nitaufanya?"

Tisa na Nusu alikuwa ameshazima taa. Walikuwa wanarudi mlangoni, Bango anafuta uso kwa mtandio, na kiganja chake kilipopita shavuni kilimkera. Kilikuwa kinawasha tangu asubuhi. Akakitazama. Palikuwa na wekundu mwembamba, kama wa mtu aliyeburuza mkono kwenye chuma ambacho hakijasafishwa.

Angeweza kunyamaza. Baadaye, kila alipoikumbuka siku ile, hapo ndipo jasho lilipokuwa likimtoka: angeweza kabisa kunyamaza. Habari njema ilikwisha kusemwa, tena kwa mdomo wake, na yeye hakuwa mtu wa kurudi nyuma kwa neno alilokwisha kulisema hadharani.

"Daktari," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita yule bwana wa nyoka hivyo bila kejeli. "Huyo wenu wa kwenye kioo. Anakwaruza?"

Tisa na Nusu akasimama. "Anakwaruza vipi?"

"Nilipomvuta. Alipita mkononi kama tupa. Tupa ya kaka, ile ya kunolea vyuma."

"Uliogopa, mama. Mtu akiogopa..."

"Niliogopa, ndiyo. Sikuota!"

Yule bwana akarudi kwenye kioo. Aliwasha tena taa, akautazama mfano wa kuchongwa, na Bango akaona anautazama kama mtu anayemtazama ndugu aliyemtapeli. "Hawa wote kawapaka fundi mmoja," akasema. "Kopo moja la rangi, au mawili. Mimi mwenyewe nilimwambia fundi rangi inapendeza." Akashika kichwa. "Mgongo wa yule asiye na neno ni laini kama mkanda mpya. Yule wa sumu ya haraka naye laini. Ni mmoja tu ambaye kila gamba lake lina tuta katikati."

"Nani?"

Alikuwa ameshaanza kukimbia kuelekea ngazi za chini, na mtu yule hajawahi kuonekana anakimbia.

*

Chumba cha chupa kilinuka spiriti mpaka macho yakatoa maji. Rafu zilipanda hadi darini, na kwenye kila rafu nyoka wamejikunja ndani ya chupa kama watu waliolala wakisubiri kuitwa. Bango alitafuta kijani. Hakukuwa na kijani. Kulikuwa na kijivu, na buluu hafifu kama ya shati lililofuliwa mno.

"Wako wapi wa kijani?"

"Ndio hawa. Spiriti inakula rangi ya manjano, inabaki buluu. Kwa macho hapa hutajua kitu, na mimi nimefurahi." Alikuwa anatoa chupa, anasoma vibandiko, anaweka mezani. "Macho yako yameshatudanganya mara moja."

Akafungua vifuniko, akawatoa watatu kwa koleo, akawalaza kwenye sinia la bati. Maji yakachuruzika. Bango akasogea, akanyoosha mkono.

"Usiguse!"

Lilimtoka Tisa na Nusu bila kujua, kama mtu anavyopiga chafya. Bango akaurudisha mkono kifuani, haraka, kama mtoto. Alikuwa mwanamke mzima mwenye mvi, na vidole vyake vilikuwa vinamuuma mahali ambapo rula ilitua, zamani zile.

"Miaka yote," akasema, na sauti ilikuwa ya chini, ambayo watu wa mtaani kwake waliiogopa kuliko ya kipaza sauti. "Miaka yote mnatuonyesha dunia yetu nyuma ya kioo, mnatuambia tusiguse. Mimea yetu, ndege wetu, nyoka wanaotuuma sisi, si nyinyi. Mngeniachia nishike nikiwa mdogo, leo ningemjua huyu mdudu kabla hajamgusa mtoto!"

"Ilikuwepo meza," Tisa na Nusu akasema. "Meza ya kugusa. Niliiweka mimi, pale ukumbini. Magamba, mifupa, manyoya, kila mtu ashike atakavyo. Waliiondoa baada ya harusi yako."

"Msinisingizie! Mlikuwa mnatafuta sababu."

"Si mimi. Ila sawa, walikuwa wanatafuta. Na wewe ukawapa." Akamtazama usoni. "Mama, tutagombana kesho. Naahidi nitakuja mwenyewe getini tugombane. Lakini ile ndege."

Akachukua kitambaa safi kutoka kwenye droo.

"Nitakufunga macho. Nitawachanganya, sitakuambia yupi ni yupi. Ukiwaona utachagua unayemtaka, na najua unamtaka nani. Hata mimi namtaka huyo huyo. Uliza mkono wako, basi."

Bango hakuwahi kufungwa macho na mtu yeyote, hata katika michezo ya utotoni. Alikubali. Akasikia bati linagongagonga, viumbe vinaburuzwa, kisha vidole tisa na nusu vikamshika kifundo cha mkono, vikauongoza.

Wa kwanza alikuwa baridi na laini. Kiganja kilimpita kama kinavyopita juu ya chupa iliyolowana. Akataka kusema hapo hapo: huyu. Neno lilikuwa limeshajaa mdomoni. Chiriku angerudi nyumbani jioni hii, angesema mpaka watu wazibe masikio.

"Mwingine," akasema.

Wa pili, laini vile vile, mnene kidogo.

Wa tatu alimsimamisha mkono. Haukuwa ukali wa kukata. Ilikuwa mistari midogo midogo, imara, inayokimbia kwa urefu wa mgongo, inayoshika ngozi na kuiachia, inaishika na kuiachia. Kiganja chake kikaungua upya pale pale kilipoungua asubuhi. Alikuwa amerudi uzioni, kopo linayumba, mtoto anapiga kelele, na kitu kile kinachomoka mkononi.

"Nataka kusema wa kwanza," akasema.

"Unataka, au mkono ndio unasema?"

"Wachanganye tena."

Akawachanganya. Safari hii alianzia kwa yule yule wa kukwaruza; alimjua kabla hajamaliza kufunga ngumi. Akavua kitambaa mwenyewe. Mbele yake alikuwa amelala nyoka wa kijivu mwenye kichwa kifupi na jicho kubwa mno, jicho ambalo hata kufa hakukulifumba, na Bango hakuhitaji kusoma kibandiko. Alisoma uso wa Tisa na Nusu.

"Ndiye?"

"Ndiye."

Tisa na Nusu akachukua simu ya mezani, akaulizia wodi, akangoja. Ukutani saa ilikuwa inatembea. Bango alisikia simu inalia upande wa pili, inalia, mtu anaipokea, anaambiwa subiri. Ndipo akasikia sauti ya daktari, yenye furaha ya mtu aliyekaribia kumaliza zamu: "Ah, makumbusho! Asanteni. Nilikuwa naandika karatasi za kumruhusu."

"Usimruhusu," akasema Tisa na Nusu. "Tumekosea. Ni yule wa jicho kubwa. Wa damu."

"Mlisema hana sumu! Mtoto hana dalili yoyote. Naipigia hospitali kuu nawaambia nini? Ushahidi uko wapi?"

Tisa na Nusu akamtazama Bango, akamtazama nyoka kwenye sinia. Alikuwa mtu aliyeandika makala nyingi, na hakuna hata moja ambamo aliwahi kuandika alichokisema sasa.

"Mkono wa shangazi yake. Macho yamefungwa, nyoka watatu, mara mbili. Andika jina langu. Kama nimekosea, wanifukuze mimi."

Kalamu ikakwaruza karatasi upande wa pili. Kisha: "Kata simu. Naihitaji hii laini."

*

Ndege iliwahiwa, lakini hakuna aliyejua hivyo mpaka jioni. Mchana wote Bango alikaa kwenye benchi la korido, na wifi yake upande wa pili, na kati yao nafasi ambayo hakuna aliyeijaza. Ndani Chiriku alikuwa anasema. Alisema alasiri nzima. Kila aliponyamaza kumeza mate, watu wazima watatu waligeuza vichwa.

Jua lilipoanza kushuka, alinyamaza kweli.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo. "Mate yangu yana ladha ya msumari."

Daktari aliingia mbio na kichupa chake. Damu ikasimama mezani, wakaingoja, wote wanaitazama kama watu wanaotazama sufuria. Kisha daktari akakiinamisha. Damu ikatembea, nyepesi, nyekundu, kama haikuwahi kufundishwa kuganda.

Wifi akatoa sauti ambayo haikuwa neno. Akanyoosha mkono kando bila kutazama, akaupata wa Bango, akaukamata kwa kucha.

Na nje, kwenye changarawe, gari likafunga breki. Mtu akashuka na kiboksi cha baridi, amekikumbatia kama mtoto mchanga.

Asubuhi, damu ya kwenye kichupa ilikuwa imeganda. Daktari alikiinamisha, akakigeuza juu chini kabisa, haikudondoka. Kisha alikwenda dirishani, akasimama hapo kidogo akiwapa mgongo.

Tisa na Nusu alikuja na koti lake la rangi ya chai, akabaki mlangoni kama mgeni ambaye hajui kama ataambiwa aketi. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki.

"Ni gamba," akamwambia Bango. "Alilojivua mmoja wa hao wa jicho kubwa. Lilikuwa la ile meza ya kugusa. Limelala kwenye droo tu, halimfai mtu."

"Usidhani nitalishusha bango," Bango akasema.

"Sidhani. Ila ukirudi kulifunga, tumia fimbo ndefu."

Kaka akacheka, cheko la kwanza ndani ya chumba kile, likamtoka vibaya, nusu kikohozi. Hata wifi alifunika mdomo. Bango hakucheka; alikuwa tayari anapanga. Meza ile itarudi ukumbini, hilo alikuwa ameshaamua, na kama haitarudi kwa heri itarudi kwa harusi nyingine, na safari hii huyu bwana mrefu ndiye atakayevishwa shela.

Chiriku alifumbua macho. Midomo yake ilikuwa imekauka na sauti haikuwa imerudi yote.

"Shangazi. Alikuwaje? Mimi sikumwona vizuri."

Bango akafungua bahasha. Gamba lilikuwa jepesi kama ngozi ya kitunguu, halina rangi, lina umbo lote la mwenyewe mpaka kwenye kioo cha jicho. Akauchukua mkono mzima wa mtoto, ule usiofungwa, akaukunjua vidole.

"Gusa," akasema.

Chiriku akagusa. Akapitisha kidole mara moja, akarudia. Uso wake ukakunjamana, na watu wote wakajisogeza.

"Ee," akasema. "Kumbe anakwaruza. Shangazi, mbona anakwaruza? Na huyu mwenyewe alipolivua alienda wapi? Na alibaki bila nguo?"

Na hakunyamaza tena mpaka nesi yule wa kutembea kama bata alipokuja kuwafukuza.